Jezi ya Winga Isiyo na Tope

Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka mpaka baridi yake, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, sijamaliza hata miaka miwili Toronto, nikiishi na binamu yangu katika chumba kimoja ghorofani huko St. James Town. Siku za kazi nilipiga deki kwenye ofisi za watu. Jumamosi nilikuwa mfalme, maana nilicheza raga.

Tena si ile raga niliyojifunza shuleni Nakuru. Hii ilikuwa ragbi ligi, ya wachezaji kumi na watatu, ambayo ukiangushwa huuachi mpira. Unainuka nao, unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzako anauchukua, na mkishaangushwa mara sita mnawapa wapinzani. Mechi yangu ya kwanza niliangushwa nikauachia chini kama nilivyozoea nyumbani, mwamuzi akawapa wapinzani. Wenzangu walinicheka mwezi mzima. Mwacha mila ni mtumwa, lakini siku ile mila ndiyo iliyonitia aibu.

Enzi zile kushambulia kulikuwa kwa mtu na kipaji chake. Mwenye mguu mzuri aliudokoa mpira juu ya vichwa vya mabeki akaukimbilia mwenyewe. Mwingine alikabwa na watu watatu, ukaona mkono mmoja unachomoka katikati yao na kumpa mwenzake pasi, na watazamaji wetu, arobaini hivi pamoja na mbwa, wakapiga kelele. Hakuna aliyejua atakachofanya, hata mwenyewe. Silaha yangu mimi ilikuwa pasi ya danganya toto: nauelekeza mpira kwa mwenzangu, beki anamfuata yeye, mimi napita na mpira wangu. Nilisifiwa sana kwa hiyo. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Winga wetu wa kushoto alikuwa Clive, Mjamaika wa mtaa wa Mount Dennis, mpole, mwenye mbio za ajabu. Jumamosi hiyo walikuja watu wawili kuteua wachezaji wa timu ya jimbo. Kabla ya mechi Clive aliniambia kwamba kiwandani kwao walikuwa wanampangia zamu za Jumamosi kuanzia wiki inayofuata. Bosi alikuwa amemwahidi kwamba akiteuliwa atamwachia siku hiyo. Asipoteuliwa, raga basi. Alinieleza yote hayo akiwa amepiga magoti, ananifunga bandeji kwenye kifundo cha mguu.

Mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope tupu. Dakika za mwisho nikapenya katikati. Mbele yangu alibaki mlinzi wa mwisho peke yake, na kushoto kwangu Clive, hana mtu. Akaniita. Akaniita tena. Hata mtoto angetoa pasi. Mimi nikawaza wale wateuzi wananitazama, nikatoa danganya toto. Yule mlinzi hakudanganyika. Alinipiga bega mbavuni nikaanguka chali, mpira ukanitoka, na punde mechi ikaisha. Hawakumteua Clive, wala mimi.

Jezi zetu zilifuliwa bure na Mzee Nurdin, Mwismaili mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa na duka la udobi. Ujanani alicheza hoki. Alikuja kila mechi kwa sababu, alisema, mtu pekee wa kuzungumza naye Kiswahili nyumbani ni mke wake, na mke amekwisha kumchoka. Siku ile alikuwa akizikusanya jezi katika mfuko wake mkubwa. Alipofika kwangu akatoa moja akanitupia.

"Ya nani hii?"

"Ya Clive, mzee."

"Angalia vizuri. Iko na tope?"

Ilikuwa imelowa mvua tu. Tope halikuwapo hata tone.

"Mimi nafua nguo miaka mingi, kijana. Kwa jezi tu najua nani amepewa mpira na nani hajapewa. Huyu mtu amesimama kwa baridi mechi nzima anangoja wewe. Chenga unazo, tamu kabisa, hata mimi napiga makofi. Lakini ulikuwa unamfungulia nani njia?"

Akafunga mfuko wake. "Basi hii utafua wewe, kwa mkono. Halafu umpelekee."

Niliifua, mwanangu, nikaipiga pasi, nikapanda basi mpaka Mount Dennis. Clive akafungua mlango, nikamkabidhi jezi. Nikasema tu, "Jezi yako hii." Akashukuru, akanikaribisha chai. Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo, tumecheza ngoma katika harusi zetu na kubebana katika misiba, na bado lile neno nililopaswa kusema mlangoni nilikuwa sijalisema.

Miaka zaidi ya thelathini na mitano imepita. Ragbi ligi ya leo, ukinisikiliza nikiwa na hasira, utadhani imeharibika. Kila mtu anajua pa kusimama. Wawili wanakimbia kama chambo, mpira unapita nyuma ya migongo yao kwenda kwa wa tatu. Wakikaribia kuangushwa mara ya sita, wanaupiga juu kuelekea kona. Nilizoea kusema vijana hawa wanacheza kama wamesomewa maagizo ya daktari. Ukweli ni kwamba mawinga wao wanaruka hewani, mwili wote nje ya mstari, na mkono mmoja unaweka mpira ndani ya kona. Sisi tungejaribu vile tungezikwa. Lakini uzee una wivu wake, usiutilie maanani.

Msimu huu nilitoka nyumbani kwangu Pickering na Clive kwenda kumtazama binti yangu wa mwisho, Neema, akicheza ragbi ligi. Nikamwona anakimbia kwa nguvu zake zote, mikono mbele, anaita mpira, na mabeki wawili wanamvamia. Mpira ukapita nyuma yake. Walimwangusha vibaya, na huko pembeni winga wao akafunga trai, yaani bao, bila kuguswa na mtu. Nikafoka: mbona wanamtesa mtoto wangu bila kumpa mpira? Mechi ilipokwisha nikamuuliza mwenyewe.

"Baba, that was my job," akanijibu akicheka, mdomo umevimba.

Eti ile ndiyo kazi yake. Kuwadanganya mabeki, kuumia, na mwenzake apite. Akakimbia kwenda kumkumbatia yule winga, wanarukaruka kama ndama. Danganya toto ni ileile niliyokuwa nayo mimi. Ila wao wanajua wanaitumia kwa ajili ya nani.

Nikamgeukia Clive. "Siku ile ya wateuzi," nikasema, "nilikusikia unaniita. Nilijifanya sikusikia."

Clive akaangalia uwanja. "Huenda ningeuangusha," akasema. "Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Lakini ningeuangusha mimi." Kisha akaniwekea mkono begani. "Nilijua ulisikia. Nilikuwa nangoja useme."

Nililia, mwanangu, sioni haya kusema. Nililia kwa shukrani. Namshukuru Mzee Nurdin, Mungu amrehemu, ambaye angeweza kunichekea tu na kwenda zake na mfuko wake. Namshukuru Clive aliyenikaribisha chai akijua nilichomfanyia. Nawashukuru hata hawa vijana wa maagizo ya daktari, maana wamenionyesha mchezo wangu ulipokosea.

Basi nisikilize. Kipaji si dhambi, usikifiche wala usiwaonee haya wanaokipigia makofi. Ila kabla hujakitoa, tazama pembeni ujue kinamfungulia nani njia. Anayekuita, msikie. Na ukijifanya hukumsikia, usingoje mvi zikuote ndipo umwambie. Mwenzako anaweza kufa akingoja, na wewe ukabaki na neno lako mdomoni.

Mungu akupe miguu myepesi na masikio mazito kwa sifa. Akuwekee pembeni mwenzako wa kukuita kwa jina, na siku atakapoita, mkono wako usisite. Amina, mwanangu. Mpasie.