Alama Nne za Fimbo ya Mzee Alois

Juzi, tulipokuwa tukibomoa jiko la zamani la marehemu mama, fimbo moja ilidondoka kutoka darini, na kabla sijainama kuiokota nilikuwa nimeshainusa. Ilinuka moshi wa kuni, na chini ya moshi ilinuka tope. Fimbo ile haijaingia majini kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini pua yangu haikuwa na shaka.

Mjukuu wangu Neema, aliye darasa la tano, aliniwahi. Akaifuta kwa kanga yake, akapitisha kidole kwenye alama zilizochongwa.

"Babu, mbona hizi alama hazilingani? Aliyechonga hakuwa na rula?"

Ilinibidi nikae juu ya rundo la matofali. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, karibu kwa maneno hayo hayo. Tofauti ni kwamba mimi niliuliza mbele ya wanaume wote waliotumia mfereji wetu, kisha nikajijibu mwenyewe.

Kwetu ni Old Moshi, huko juu, mahali ambapo ukisimama ukingoni mwa barabara unauona mji chini kana kwamba mtu amemwaga mabati bondeni. Migomba na mibuni yetu ilikuwa ikinyweshwa na mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na mababu kutoka mtoni. Maji ya mfongo yalijaza kwanza bwawa dogo la udongo tuliloliita nduwa. Vihamba vinne, yaani mashamba ya nyumbani, vilitegemea nduwa moja. Chetu kilikuwa cha kwanza, juu kabisa. Cha mwisho, chini karibu na korongo, kilikuwa cha Mama Oliva, mjane aliyekuwa na sauti kubwa na migomba mizuri.

Mgawaji alikuwa Mzee Alois. Kila asubuhi ya zamu wakati wa kiangazi alisimamisha fimbo yake katikati ya bwawa lililojaa na kuzibua tundu. Maji yaliposhuka kutoka alama ya kwanza hadi ya pili, sisi tulikuwa tumemaliza, yanageuzwa kwenda kwa jirani. Alama ya pili hadi ya tatu ni ya jirani, na hivyo hivyo hadi chini. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akikohoa tu, na kikohozi chake kilimaanisha, "Ziba, yametosha."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yalianza kujaa vitu, kahawa ikaanza kutuangusha, na baba, kama wengine wengi, akapanda nyanya za kupeleka soko la Moshi. Nyanya hunywa maji kuliko kahawa. Na baba mdogo, aliyekuwa akifanya biashara Tarakea, akaniletea rula ya plastiki ya kijani inayopitisha mwanga, ya kwanza ya aina yake shuleni kwetu.

Nilipima kila kitu. Nilipima mkia wa mbuzi, pua ya dada yangu, urefu wa mshumaa wa kanisani kabla ya misa na baada ya misa. Nilikuwa darasa la sita na wa kwanza katika hesabu. Lakini niseme ukweli ambao sikuujua wakati ule: nilizijua hesabu kama bibi yangu alivyozijua sala za Kilatini, bila kukosea hata silabi moja, na bila kujua anamwambia Mungu nini.

Siku moja niliipima fimbo ya Mzee Alois ikiwa imeegemea ukuta wake. Sehemu yetu, ya juu, ilikuwa sentimita kumi na sita. Sehemu ya Mama Oliva, ya chini kabisa, ilikuwa sitini! Nilikimbia hadi kwa baba huku nikitweta. Baba akanisikiliza, akaenda kuangalia nyanya zake. Alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta.

Kila mwaka kabla ya kiangazi wanaume walikuwa wakisafisha mfongo pamoja, na baada ya kazi kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilizunguka. Hapo ndipo baba aliponisimamisha mwaka ule.

"Huyu ni mtoto wa darasa la sita. Sema, mwanangu, usiogope."

Nikauliza mbona alama za fimbo hazilingani, au aliyechonga hakuwa na rula, kisha nikajijibu mwenyewe. Kina ni sentimita mia moja na ishirini. Vihamba vinne. Mia moja ishirini gawanya kwa nne ni thelathini. Kwa hiyo kila kihamba kipate thelathini. Nikainua rula yangu, jua likapita ndani yake, na wanaume wakaitazama kama monstransi, ile ya kuonyeshea Ekaristi kanisani.

"Alois," mmoja akauliza, "wewe unasemaje?"

Mzee Alois alisimama. Alisema fimbo ilikatwa hivyo na baba yake, na yeye akiwepo. Alisema maji ndivyo yanavyokaa. Kisha maneno yakamwishia, akaweka mikono yake mbele, akaikunja kama mtu anayebeba kitu cha mviringo, viganja vikiwa mbali huku juu na vikikutana chini. Akaishusha, akairudia tena.

"Anabembeleza mtoto gani huyo?" mtu akadakia, na watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Fimbo mpya ilichongwa wiki hiyo hiyo, kwa rula yangu. Mzee Alois alichukua yake na hakukanyaga tena bwawani. Baba akawa mgawaji.

Mama Oliva ndiye aliyelalamika. Alipanda hadi kwetu, jembe begani.

"Baba nanihii, maji yananifikia yakiwa mate! Sijamaliza hata mstari mmoja."

Baba akaniashiria nimweleze. Nikamweleza, taratibu, kama mwalimu. "Mama, ni thelathini kwa thelathini. Rula haidanganyi."

Alihamishia jembe bega la pili, akashuka kwake. Hakuwa na namba za kunijibu, na mimi nikadhani mtu asiye na namba hana hoja. Kiangazi kile migomba yake ilijikunja majani, na binti yake Oliva, niliyekuwa naye darasa moja, akawa anachelewa shule kila asubuhi kwa kuchota maji korongoni. Kiangazi kilichofuata, hali ikawa ile ile. Nyanya zetu zilizaa hadi matawi yakavunjika. Sanduku la bati nililoendea sekondari lilitoka kwenye nyanya hizo.

Sekondari ilinishusha. Masomo yote yaligeuka Kiingereza, nami nikawa bubu katikati ya watu. Nilichoshangaa ni kwamba ubaoni, mstari wa hesabu ulibaki vile vile. Mwalimu alibadili lugha ya kuuelezea, lakini wenyewe haukubadilika. Nikaanza kushuku kwamba ule mstari nao ni lugha, na kwamba mimi nilikuwa nikiitamka tu.

Kidato cha pili, mwalimu alikuja na karanga. Alizimimina ndani ya gazeti lililokunjwa kuwa koni, kama wauzavyo stendi ya Moshi, akala hadi zikashuka nusu ya kimo.

"Zimebaki kiasi gani?"

"Nusu!" darasa zima likaitikia, na mimi nikiwemo.

Akacheka hadi akapaliwa. "Mngekuwa wateja wangu ningetajirika. Imebaki moja ya nane. Angalieni umbo kabla ya kuhesabu. Juu kuna upana, chini hakuna kitu."

Akaikunja mikono yake kuonyesha, viganja vikiwa mbali huku juu na vikikutana chini.

Masikio yangu yalipata moto. Niliiona ile mikono mingine. Niliiona nduwa, mviringo kama bakuli, pana juu na nyembamba chini, na mimi nikiwa nimeigawa kama sanduku. Nilipiga hesabu jioni hiyo: kwa fimbo yangu, kihamba chetu kilikuwa kikichukua karibu nusu ya bwawa. Mama Oliva alikuwa akipewa tope.

Ningependa kuwaambia kwamba nilienda nyumbani wiki hiyo. Sikwenda. Niliona haya, na nyanya zilikuwa zinalipa ada. Kiangazi kingine kizima kikapita nikiwa najua. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la rula, maana la kwanza lilikuwa la mtoto.

Mwishowe nilikata isale, jani ambalo kwetu ukimpelekea mtu uliyemkosea hawezi kukukataa, nikalipeleka kwa Mzee Alois. Alikuwa ameketi kwenye jua la ukutani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hilo ni la kwangu?"

Nilimweleza yote. Alilipokea jani, akakohoa. "Tulipomaliza kuichimba nduwa, tuliijaza kwa debe," alisema. "Debe hamsini, baba anachonga alama. Debe hamsini, anachonga nyingine. Bega langu lilivimba wiki nzima." Akainuka, akaniletea fimbo. "Warudishie. Mimi nimeshakuwa mtu wa kuota jua."

Kwa Mama Oliva nako nilipeleka isale. Alilipokea, kisha akanikabidhi ndoo. "Jani nimepokea. Migomba yangu hailambi majani." Nilichota maji korongoni kila siku ya likizo ile, Oliva akinihesabia kwa sauti ili majirani wasikie. Baba alinuna, lakini mbele ya wanaume alirudisha alama za zamani, na migomba ya chini ikatoa mikungu tena. Mzee Alois hakurudi bwawani. Hilo sikuweza kulirudisha.

Neema alikuwa bado ananisubiri, fimbo mkononi. Nilimpa bakuli la udongo, kikombe na bua la mhindi, nikamwambia ajaze, na kila vikombe vitano atie alama. Alirudi akiwa amelowa hadi kifuani, ameshika pia rula yake ya shule. Akalilaza bua kando ya fimbo na kuvitazama vyote viwili, alama za chini zikiachana mbali, za juu zikikaribiana. Kisha, taratibu, akaweka rula yake chini na kuikunja mikono yake kama bakuli.

Mimi ilinichukua miaka mitatu kuiona mikono hiyo. Yeye ilimchukua asubuhi moja, kwa sababu aliuliza, kisha akangoja jibu.