Kimarekani cha Shamba

Juzi nilikuwa benki mtaa wa Qurum, huku kwa Waarabu, nimepanga foleni nyuma ya bibi mmoja aliyetaka kujaziwa fomu. Karani alikuwa mtoto wa jirani yangu wa Sib, majuzi tu karudi kutoka masomoni Marekani. Bibi akamsalimia kwa Kiswahili. Kijana akamjibu kwa Kiingereza cha puani kwamba Kiswahili hakijui. Masikini, miaka minne tu na chote kimemtoka!

Nyuma yangu Mmarekani mmoja mzee akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Kijana, wewe umesoma Alabama," akamwambia kwa Kiingereza. "Unavyoyavuta maneno, kama unaita ng'ombe! Mimi wa Boston. Kwetu sisi hiyo ni lugha ya shamba."

Mimi siku zote nikidhani Kimarekani ni kimoja. Kumbe nao wana mjini na shamba, na ulimi unawasema.

Kijana uso ukamwiva. Akashusha muhuri kwa hasira, ukampata kidole.

"Lahaula!" akaruka. "Watakani, bibi?"

Bibi akaachia tabasamu la meno yote.

"Watakani! Watu wa mjini husema unataka nini. Hiyo ya kwetu Pemba, shamba, mwanangu. Haya, nijazie fomu."

Akaijaza, kidole mdomoni.

Kijana wetu kapanda ndege mbili kwenda kujifunza kusema kishamba, na kishamba alikuwa nacho nyumbani, tena kitamu zaidi.