Kibali Kilikufa Nikiwa Eda

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Likoni. Nililetwa kigori, nikazaa hapa, nikazika hapa, na wajukuu zangu wote wamenyooka, mashallah. Mmoja yuko ofisini bandarini, anakwenda kazini na viatu vya kisigino. Lakini pasipoti yangu ni ya Tanzania. Kenya nilikaa kwa kibali cha mke wa mtu, na kila kikikaribia kwisha, mume wangu ndiye aliyekwenda kukihuisha. Kazi yangu ilikuwa kutia dole gumba.

Mume akafa. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nami nitalazwa kando yake, makaburi yale yale. Nikakaa eda. Asiyejua na ajue: mjane kwetu hatoki nje, hajipambi, hajitii manukato, na kioo cha chumbani kwangu kilifunikwa kanga. Kibali kikafa nikiwa humo ndani. Nani angekikumbuka? Aliyekuwa akikikumbuka miaka yote ndiye tuliyemzika.

Nilipotoka eda, simu ikaja kuwa dada yangu Tanga hajiwezi. Yule mjukuu wa bandarini akaniuliza, "Bibi, pasipoti umeitazama?"

"Imo kashani. Itakuwa imetoroka?"

"Sina maana hiyo, bibi..."

"We mtoto, usinifunze njia ya kwetu."

Siku ya kwenda, afisa mmoja mpakani aliniambia jambo juu ya kibali. Mimi nina kilio cha dada yangu, nikaitika "abee, abee," nikapita. Dada nilimkuta hai. Alinishika mkono, akatulia, na baada ya siku chache nikafunga safari ya kurudi.

Pale mpakani siku hizi madirisha ya nchi mbili yamo ndani ya jumba moja. La kwanza Watanzania wanakugongea muhuri wa kutoka, la pili Wakenya wanakugongea wa kuingia. Lilikuwa jua la utosi, upepo umekufa, hata bendera zimelala. La kwanza nikapita. La pili, kijana wa watu akafungua kurasa, akaenda mbele, akarudi nyuma.

"Mama, kibali hiki kimekwisha zamani. Na kimesimama juu ya mumeo. Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole sana. Hebu ngoja pale kando."

Nikakaa kando, na hapo ndipo nilipong'amua. Tanzania nimeshatoka. Kenya sijaingia. Je, nikikata roho kwenye benchi hili, watanizika upande gani? Abiria wenzangu walipita mbele yangu wala jicho hawalitupi. Mwanamke mmoja akaja akautua mkoba wake juu ya mapaja yangu, kama autuaye kwenye benchi tupu.

"Ewe! Mimi ni mtu!"

Akaruka. "Jamani! Samahani mama, sikukuona."

Nikageuza uso. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo kakaa bikizee, buibui jeusi, mashavu yamezama, amenikodolea macho. Nikamwonea huruma, nikasema naye kazuiwa, maskini. Kwa uzee ule nikampa heshima yake: "Shikamoo." Midomo yake ikafunguka pamoja na yangu.

Wallahi! Tangu nifunikiwe kile kioo chumbani sikuwa nimejitazama, na hata nilipotoka eda kanga sikuivuta.

Yule kijana akaniita. "Weka vidole hapa, mama." Mashine kimya. "Weka tena." Kimya. Miaka ya kusuka makuti imenila vidole, vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Mashine haikuona mtu. Akainua pasipoti, akatazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu ni wewe?"

"Ndiye," nikasema. "Lakini hata mimi nimemuona sasa hivi tu."

Hakucheka. Akaondoka kwenda kusema na mkubwa wake, na mimi nikasimama pale nimekipa kioo kisogo. Nilijua yule bikizee amesimama pia.

Aliporudi akasema taratibu, "Mama, kibali cha kukaa hakihuishwi hapa. Tutakuingiza kama mgeni, kwa muda. Ukifika tu uende ukaombe chako mwenyewe. Mwenyeji wako ni nani?"

"Mume wangu."

"Mama. Mtu aliye hai."

Nikamtaja mjukuu. Mtoto niliyemuogesha kwa mikono hii ndiye aliyeandikwa mwenyeji wangu. Kijana akanifuta vidole kwa kitambaa, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote, mashine ikakubali.

Likoni nilifika alasiri. Ufunguo ninao, lakini mkono ulikataa kuutia.

"Hodi!"

Mjukuu akafungua. "Bibi! Wabisha mlango wako mwenyewe?"

"Nimeandikwa mgeni wako."

"Haya karibu, mgeni. Viatu uviache nje." Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Niliingia kwa mguu wa kulia, kama siku niliyoletwa bibi harusi, nikaenda moja kwa moja chumbani, nikaivuta kanga.

Yule bikizee alikuwa ameshafika. Nyuma yake kilionekana kitanda, upande wa mume wangu haujalaliwa.

"Kesho asubuhi tunakwenda kuomba kibali," nikamwambia. "Mimi na wewe. Hapa hatutoki."