Simu ya Mama Kule Migato

Nilikuwa mwalimu Bariadi mjini, mama akiishi peke yake Migato. Simu za mkononi zilipoanza kuenea nilimnunulia moja, na kwa majivuno nikaiweka kwenye mtandao wa 3G, ule wa kasi, japo yeye alitaka kusikia sauti yangu tu.

Haikupita wiki ikawa haipatikani. Mama alisema chaji haikai. Alikuwa akitembea asubuhi nzima hadi dukani kwenye sola, anaichaji, na kesho yake imezima tena.

Mimi sikumwamini. Siku wakwe walipokuja kutoka Ngulyati kumposa mdogo wangu, mmoja wao aliomba namba ya mama. Nikadakia, "Namba ya nini? Mama huyu simu kaifanya tochi! Chaji yote inaishia kumulika kuku."

Watu wakacheka. Mama akainamisha macho, akawa anakunjakunja pindo la kanga yake.

Likizo iliyofuata nilikaa kwake. Simu yangu, ya aina ileile na yenye 3G vilevile, niliiacha mezani tangu asubuhi bila kuigusa. Kufika jioni, imezima, na ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka jikoni.

Nilizipeleka zote mbili kwa fundi mjini, nikamwambia moja ni ya mama. Akaniuliza, "Mama anakaa wapi?"

"Migato."

"Huko 3G haijafika, mwalimu. Simu inaitafuta kutwa nzima, haiipati. Na mnara wenyewe uko mbali, kwa hiyo inatumia nguvu nyingi kuufikia, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mbuga. Nani aliiweka hivi?"

Nilisema sijui. Nilimdanganya hata fundi.

Aliirudisha kwenye mtandao wa kawaida, 2G. Tangu hapo mama alienda kuchaji mara moja kwa wiki.

Nilipompelekea simu yake, nilimkuta jikoni akipepeta mahindi. Nikapiga magoti. "Mayu, nisamehe. Kosa lilikuwa langu, si lako."

Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Basi uwaambie na wale wakwe."

"Nitawaambia, mayu."

Tulikutana nao mara nyingi tangu hapo, kwenye harusi, kwenye misiba, hata kanisani. Kila mara mama alinitazama, akingoja. Sikuwaambia mpaka tukamzika.