Wavu wa Mama Consolate

Kifungo cha shati lako kikikatika, usijaribu kumuficha Mama Consolate. Atakuona tu. Yeye njo skripti wetu, maana yake yeye njo anakumbuka. Filme haipigwi kwa kufuatana: leo unapiga picha muntu anaingia mulangoni, wiki ijayo unapiga anakaa kwenye kiti, na kikombe lazima kiwe kwenye mukono uleule, na jasho palepale usoni. Kitu kikihama, watu watacheka ukumbini. Basi anapiga picha kwa simu, anaandika kwenye daftari, anatusumbua. Anatusumbua kweli! Mimi Augustin kazi yangu ni kushika mikro juu ya fimbo ndefu na kusikiliza sauti kwa kaski masikioni. Kamera yenyewe hainioni, lakini Mama Consolate ananikagua mpaka viatu.

Zamani alikuwa mwalimu kule Nyunzu. Vita ilipowafukuza, alitoka na watoto watatu na sufuria moja, na nyumba ikachomwa nyuma yao. Mpaka leo ukimuuliza atakuambia meza ilikaa wapi, taa ilining'inia wapi, sahani zilikuwa ngapi ndani ya kabati. Halii akisema hayo, anasema kama anasoma. Nafikiri ndiyo sababu hapendi kitu kiondoke mahali pake, lakini mimi sikusomea vichwa vya watu, muniache.

Mwongozaji wetu, Gauthier, ni kijana wa hapahapa Kalemie, na ana sheria moja: neno "Coupez!" ni lake peke yake. Akilitoa, kamera inazimwa na kila muntu anaacha alichokuwa anafanya. Jumanne Mama Consolate alilitoa yeye. Kitambaa cha mwigizaji kilikuwa kimefungwa kushoto badala ya kulia, naye akapiga kelele katikati ya maneno matamu kabisa. Gauthier alitupa kofia chini.

"Mama Consolate, nakuheshimu. Lakini ukirudia hata mara moja, utabaki nyumbani."

Akaenda kukihamisha kitambaa kulia. Kazi hii njo inalisha wale watoto watatu, na sisi wote tulijua.

Kesho yake tulikuwa ziwani, nje kidogo ya muji. Casimir alikuwa anacheza muvuvi ambaye mutumbwi wake unapinduka karibu kabisa na nyumbani. Hakusomea uigizaji, huyo ni muvuvi wa kweli, ametoka upande wa juu wa ziwa na muke wake Bibiane. Waogeleaji wawili walikaa ndani ya mutumbwi mwingine, nje ya picha, wameambiwa wasisogee mpaka wasikie "Coupez!" Sisi wengine tulikuwa ufukweni na kamera, hatua chache tu kutoka kwa Casimir.

Mara ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Casimir alipinduka, akaita "Nisaidieni!" mara tatu, na kasia hakuliachilia hata kidogo. Gauthier akapiga makofi. Tukaanza kukusanya vyombo, nikafurahi, tumbo langu lilikuwa linadai ugali.

"Bado," akasema Mama Consolate. "Wavu uko wapi?"

Akatoa simu. Kwenye picha ya Jumatatu, Casimir anaondoka ufukweni na wavu umelundikwa mbele ya miguu yake. Sasa haukuwamo. Kweli ya Mungu, haukuwamo.

"Niliutoa mimi, Mama," akasema Casimir. "Wavu uliolegea ndani ya mutumbwi unaopinduka, hapana. Sisi hatufanyi vile."

"Jumatatu uliondoka nao, Papa Casimir. Kwenye filme umeenda kuutupa wapi, kwa jirani?"

Tulicheka. Na mimi nilicheka, nasema wazi. Casimir aliangalia lile daftari kama muntu aliyeitwa ofisini, akainua mabega, akakubali. Mama Consolate aliushusha wavu ndani ya mutumbwi kwa mikono yake mwenyewe, akaupanga kama kwenye picha, kunjo kwa kunjo.

Tukarudia. Mutumbwi ukapinduka. Nikasikia "Nisaidieni!" mara moja, safi, halafu maji, halafu pumzi fupi fupi zinazokwama kooni. Nikajiambia: ee, huyu jamaa leo amepania! Gauthier alikuwa ameinama karibu na kamera, anatabasamu.

Mama Consolate alikuwa anatazama ziwa, anatazama daftari, anatazama ziwa tena.

"Ameachia kasia," akasema kwa sauti ndogo.

Gauthier akaweka kidole mudomoni bila kugeuka. Kasia lilikuwa linaelea peke yake, linakwenda zake. Kichwa cha Casimir kikazama, kikarudi, kikazama. Masikioni mwangu hakukuwa tena na pumzi. Niliogopa, lakini mimi ni mushika fimbo tu, nikangoja mwenye neno aseme neno. Waogeleaji nao walikuwa wanangoja. Watu wazima wote tulikuwa tunangoja!

"Coupez!"

Mama Consolate alipiga kelele hiyo mpaka nikang'oa kaski masikioni. Waogeleaji wakamutazama Gauthier. Gauthier akamutazama yeye, mudomo wazi.

"Coupez, nimesema! Wavu umemushika miguu! Mumutoe!"

Akaingia majini na kikwembe chake kiunoni, yeye asiyejua kuogelea, maji mpaka kifuani. Hapo ndipo wale wawili wakaruka. Walipiga mbizi mara mbili bila kitu. Mara ya tatu mumoja akaomba kisu, na Gauthier mwenyewe akakipeleka mbio. Walimutoa Casimir na kipande cha wavu kimezunguka magoti yake. Alilala muchangani bila kusogea, wakamugeuza, wakamubonyeza, na mimi nikaanza Salamu Maria nikasahau katikati. Halafu akatapika maji, akakohoa, akalia kama mutoto.

Mama Consolate alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Ni mimi niliuweka," alirudia. "Ni mimi niliuweka."

Gauthier hakumufukuza. Alisema picha ya pili itafutwa, tutatumia ya kwanza.

"Hiyo haina wavu," akasema kameramani.

Wote tukamuangalia skripti. Akafungua daftari lililolowa, akaandika, nikasoma juu ya bega lake: *Wavu haupo. Kosa la skripti.*

Filme ilionyeshwa mwezi uliopita katika ukumbi wa parokia, ukajaa mpaka madirishani. Casimir alipopinduka watu walishika vichwa. Halafu mama mumoja wa mbele akapaza sauti: "Hee! Na wavu umeenda wapi?" Kicheko kikazunguka ukumbi mzima. Mama Consolate alikuwa kando yangu. Aliinamisha kichwa, na vidole vyake vikakamata pindo la kikwembe. Nilitaka kusema kitu, na kama siku ile, sikusema.

Bibiane akasimama katikati ya viti, hakuwa anacheka.

"Nani anauliza wavu? Apite kwangu, nitamuonyesha, umekatwa vipande vipande." Akaweka mukono juu ya bega la Casimir. "Bwana yangu njo huyu, amekaa hapa."