Farasi Mia Tatu wa Mjomba

Mjomba alinunua gari kuukuu la Kimarekani, refu kuliko sebule yetu ya Matrah, akamtambia jirani kwamba lina nguvu za farasi mia tatu.

Jirani akacheka. "Mia tatu? Bwana wee, hata kilima cha Ruwi halipandi!"

Mjomba akaapa kwamba Ijumaa litapanda, na jirani akae mbele ashuhudie.

Nikaletewa kitabu cha kiwanda, maana nyumbani ni mimi tu niliyesoma Kiingereza, skuli kule Unguja. Nikasoma kwa ile sauti yangu ya kujificha: farasi ni mia tatu kweli, ila injini ilipimwa peke yake, imefungwa mezani, bila feni wala ekzosi.

"Ala! Kumbe feni ndiyo inayonilia farasi wangu!" Mjomba akashika spana, akaing'oa.

"Mjomba, itachemka," nikasema. Hakuna aliyesikia.

Ijumaa gari likanguruma mpaka katikati ya kilima, likatoa mvuke, likazima. Jirani alishuka na dele lake la kahawa, akammiminia mjomba kikombe, kama mwenyeji anavyompokea mgeni aliyefika salama. Kahawa haikataliwi. Mjomba akainywa pale pale barabarani, uso umemvimba, boneti inafuka nyuma yake.

Kisha akanigeukia mimi niliyejikunyata kiti cha nyuma. "Hebu, hicho kitabu chako kinasemaje sasa?"

"Kinasema feni irudishwe."

Safari hii hata jirani alinisikia.