Mikaja ya Mikindu

Harufu ya ukindu unaochemshwa na rangi haifanani na harufu nyingine. Ina nyasi mbichi ndani yake, ina moshi, ina kitu kama chuma kilicholowa mvua. Juzi nilikuwa nikipita nyuma ya soko la Ukunda, mahali ambapo siku hizi mikeka ya plastiki huning'inizwa kama bendera, harufu ile ikanijia kutoka uani kwa watu nisiowajua. Nilisimama. Nilitamani kubisha hodi, lakini ningewaambia nini? Kwamba debe lao la rangi limenirudishia mwanamke aliyekwisha kuzikwa? Basi nawaambia ninyi.

Mwanamke huyo alikuwa Mama Mkubwa Mwanatumu, dada yake mama yangu. Alikaa juu mlimani, Kwale, ukingoni mwa msitu wa Shimba, nami nilipelekwa kukaa naye nikiwa bado sijabadilisha meno yote. Alikuwa na kibanda cha makuti kando ya barabara, na watu walikiita duka ingawa hakikuuza sukari wala mafuta ya taa. Kiliuza mikeka, vikapu na makawa ya kufunikia chakula. Wanawake wa vijiji vya jirani walileta kili zao, zile kanda ndefu za ukindu uliosukwa, na Mama Mkubwa akazishona zikawa mikeka. Mzigo ukitimia uliteremshwa pwani, hadi Mwabungo na kwenye hoteli zilizoanza kujengwa Galu. Ilisemekana kwamba huko Wazungu waliitundika mikeka yetu ukutani. Mejumaa, jirani yetu, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko sindano yake, hakuweza kuliamini jambo hilo.

"Ukutani, Tumu? Kwani wao hulala wamesimama?"

Nyuma ya nyumba ardhi iliteremka ghafla hadi kijitoni, na kando ya kijito ndiko ilikokuwa mikindu. Ya zamani ilipandwa na bibi yangu. Iliyobaki ilipandwa na wasukaji wenyewe, maana Mama Mkubwa hakupokea kili za mtu mpaka mtu huyo apande mkindu wake pale na kuumwagilia hadi ushike. Ukindu mzuri hutoka katika jani changa, lile la katikati ambalo bado limejifumbata. Ukilikata hilo, kisha ukalifuata linalokuja baada yake, mti hudhoofika na mwisho hufa. Kwa hiyo kila aliyekata jani aliufunga mti shinani kwa chane, ukanda mwembamba wa ukindu, kifundo kikakaa mbele kionekane.

Kifundo hicho Mama Mkubwa alikiita mkaja, kama ile nguo ambayo mzazi hufungwa tumboni akishajifungua. Mkindu wenye mkaja ulikuwa umezaa. Ulikuwa katika arobaini yake, na hapakuwa na mkono uliougusa mpaka utoe jani jipya. Bonde lile halikuwa na ua wala mlinzi. Sisi watoto tulipopita karibu na miti iliyofungwa tulinong'ona, tusije tukawaamsha watoto wao. Siku moja niliubebea mmoja uji ndani ya kifuu. Mama Mkubwa alinikuta nimechuchumaa pale, nikiusihi unywe. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Umeutia chumvi?"

Uhuru ulikuwa bado mchanga wakati huo. Bendera katika ofisi za Matuga ilikuwa haijapauka, na kila kizuri kilichokuwa njiani kuja kilipewa jina lake: barabara ya Uhuru, shule ya Uhuru, maji ya Uhuru. Maji ndiyo yaliyofika kwetu kwanza, au niseme nyapara wake. Aliitwa Bwana Mutua, mtu wa bara, mrefu, mwenye kofia aliyoivua hata akiongea na mbuzi. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wa pwani husalimiana kwa shikamoo, basi akawaamkia wote waliokuwa barazani, nami nikiwamo. Nilimjibu "Marahaba" kwa sauti ya kibibi. Mama Mkubwa akanifinya paja.

"Mama, maji itafika hapa mlangoni kwako," alisema, akiwa ameketi mkekani na magoti yake marefu yamemzidi. "Utafungua tu hivi, inatoka."

"Inshallah, baba. Sisi mabega yetu yamechoka na mitungi." Mama Mkubwa alimmiminia chai. "Lakini bomba lako litapita wapi?"

Bwana Mutua alinyoosha kidole bondeni.

Mama Mkubwa aliliweka birika chini. Kisha alimwomba washuke pamoja. Alimwonyesha mti baada ya mti, akimtajia aliyeupanda, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa jamaa zake. Alimwambia kwamba duka zima lilikuwa pale, na chakula cha nyumba nyingi. Bwana Mutua alisikiliza, kofia kifuani. Halafu alipima kwa macho na kusema bomba linaweza kupita juu kidogo, palipokuwa na vichaka tu.

"Hii yako hatugusi. Lakini vijana wangu hawajui mkindu ni gani, kichaka ni gani. Wewe weka alama."

"Alama gani, baba?"

"Yoyote tu. Wakiona alama watajua."

Mama Mkubwa aliijua alama moja tu duniani.

Kesho yake asubuhi wasukaji wote walishuka bondeni na mafungu ya chane mabegani. Sijawahi kuona kazi iliyofanana na harusi kama ile. Walifunga kila mti, mizee na michanga, iliyokatwa jani na isiyokatwa. Mejumaa alisimama akashika kiuno.

"Tumu, leo umezalisha bonde zima! Hata hivi vibinti ambavyo havijaposwa?"

"Nyamaza, funga," alisema Mama Mkubwa, naye anacheka mpaka machozi. "Aibu yao tutaificha sisi."

Mimi nilipewa miche midogo, iliyonifika magotini. Nilifunga kwa bidii, ulimi nje. Tulipopanda kurudi niligeuka nikatazama, vifundo vyeupe vikang'aa bonde zima. Nikaona fahari kwamba tulikuwa tumefanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa.

Siku ambayo vijana waliletwa na lori, Bwana Mutua alikuwa ameitwa Matuga. Walikuwa wanatoka kusafisha njia ya barabara mpya, na huko wapimaji walikuwa wamewafungia kitambaa kila mti wa kukatwa. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Sisi tulisikia mapanga na majembe yakilia bondeni, na Mama Mkubwa akasema, "Wanavikata vile vichaka." Aliweka sufuria motoni. Hakutaka watu waliokuwa wakimletea maji washinde na njaa nyuma ya nyumba yake. Alichemsha mihogo, akapondea nazi, akajaza kikapu kipya cha dukani, nasi tukashuka.

Vichaka vilikuwa vimesimama vyote.

Kijana mmoja, jasho linamtiririka, alikuja mbio kumpokea kikapu. Alikuwa na uso mzuri. Mpaka leo nauona.

"Mama, tumemaliza yote uliyofunga," alisema kwa furaha. "Imetolewa mpaka mizizi. Hakuna hata mmoja tumeacha."

Nilimtazama Mama Mkubwa nikingoja kelele. Nilikuwa nimewahi kumsikia akimfokea mbuzi aliyetafuna ncha ya ukili, kijiji kizima kikasikia. Lakini alisema, kwa sauti ndogo, "Naweni mikono, wanangu. Mle kingali moto."

Wao wakala. Yeye akaingia kati ya miti iliyolala, akapiga magoti kando ya wa kwanza, akaanza kufungua kifundo. Kilipofunguka akaiacha chane idondoke, akaenda kwenye mti mwingine. Alifungua vyote, hata vile vidogo nilivyovifunga mimi kwa nguvu za kitoto, ambavyo vilimtaka ainamie na kutumia meno. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilidhani anahesabu. Nikadhani pia anaokoa ukindu kwa ajili ya dukani, kwa hiyo nilianza kuziokota chane na kuzikunja vizuri.

"Acha, mwanangu," alisema bila kunitazama. "Usichukue kitu."

Bwana Mutua alirudi alasiri. Alilitazama bonde, kisha akakaa chini kwenye udongo uliofukuliwa, bila kujali suruali yake, akaitia kofia usoni. Mama Mkubwa ndiye aliyemwendea.

"Hukunidanganya, baba," alimwambia. "Wala mimi sikukosea kufunga. Inuka, jua linakuchoma."

Maji yalifika, kama alivyoahidi. Wanawake walipiga vigelegele, na Mama Mkubwa alipiga pamoja nao. Mejumaa alioga mara nyingi siku hiyo mpaka mumewe akalalamika. Walipanda miche mipya kijitoni, lakini kijito chenyewe sasa kilikuwa kinapita ndani ya bomba. Kiangazi kilichofuata miche ilikauka. Kwa muda ukindu uliletwa kutoka mbali, wa kununua, mkavu, unaokatika vidoleni. Wasukaji wakapungua, mmoja akienda kulima, mwingine kufua nguo hotelini Galu. Kibanda kikaezuliwa na upepo na hakikuezekwa tena. Sikumsikia Mama Mkubwa akililaumu bomba. Alilifungua taratibu, akajaza ndoo yake, akalifunga, kisha akabaki amesimama mkono juu yake, kama anayesubiri lizungumze.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima, nimekwisha kuwa na watoto. Mwanawe Salimu, ambaye miaka ile ya mikindu alikuwa akifanya kazi Mombasa, ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama yake. Sisi wanawake hatwendi makaburini, basi aliporudi nilimkalisha barazani nikamtaka anieleze kila kitu, kama mtoto anayetaka hadithi irudiwe.

"Tulimlaza kwa ubavu, tukamwelekeza kibla," alisema. "Kisha nikamfungulia."

"Ukamfungulia nini?"

"Vifundo vya sanda, dada. Kichwani, kiunoni, miguuni, huku namsomea dua. Maiti hafukiwi amefungwa."

Aliendelea kusema, lakini mimi nilikuwa natazama udongo mwekundu chini ya kucha zake. Niliuona mara ya mwisho kwenye vidole vya Mama Mkubwa, alasiri ile, alipokuwa akitoka mkindu hadi mkindu na meno yake kwenye vifundo vyangu, midomo ikitembea.

Hakuwa akihesabu.